Edgar Sengier, mtu aliyeondoa urani ya Katanga kabla vita haijaifikia

Huko Mpala, kusini mwa Kalemie, historia ya wazungu inaanzia ziwani. Mwaka 1883 askari wa Ubelgiji, Émile Storms, alijenga kituo karibu na mahali ambapo mto Lufuko unaingia Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo hicho kilipewa Mapadri Weupe, na misheni ya Mpala ikawa moja ya misheni za kwanza za upande huu wa ziwa. Majina hayo wakaaji wengi wanayajua.

Jina la Edgar Sengier linajulikana kidogo zaidi. Wakati mapadri walipoingia Mpala, yeye alikuwa bado mtoto mdogo katika mji wa Kortrijk, Ubelgiji, ambako alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1879. Lakini maisha yake yote ya utu uzima yalifungwa na Katanga, jimbo ambalo mwambao wa Mpala ulikuwa sehemu yake kwa miaka mingi, mpaka Tanganyika ilipopata kuwa jimbo peke yake mwaka 2015. Na uamuzi mmoja aliouchukua mwaka 1940 ulibadilisha vita ya dunia nzima.

Sengier alisoma uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Leuven na kumaliza mwaka 1903. Mwaka 1911 aliingia katika kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyokuwa imeundwa mwaka 1906 ili kuchimba shaba ya Katanga. Wakati huo Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilikuwa mji mchanga wa mwaka mmoja hivi, na tanuru la kwanza la kuyeyushia shaba lilianza kuwaka mwaka huohuo. Hakuna aliyekuwa akifikiria urani. Kilichotafutwa kilikuwa shaba, na wafanyakazi wa kuichimba. Vijana walitafutwa mbali, katika vijiji vya Katanga na nje yake, na baadhi yao walitoka upande wa Ziwa Tanganyika.

Jiwe jeusi la Shinkolobwe

Mwaka 1915 vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imefika hata ziwani. Mwezi wa Desemba mwaka ule, mbele ya Kalemie, boti ndogo za Waingereza ziliiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani. Mwaka huohuo, mbali kusini-magharibi, karibu na mahali panapoitwa leo Likasi, mtafiti wa madini Mwingereza, Robert Rich Sharp, aliona mawe yenye rangi kali katika kilima cha Shinkolobwe. Yalikuwa na urani, na kwa wingi usiokuwa wa kawaida.

Kazi ya kuchimba ilianza mwaka 1921. Lakini hata hapo, urani yenyewe haikuwa na soko kubwa. Ilitumiwa kupaka rangi vyombo vya udongo na vioo. Wanunuzi walitaka kitu kingine kilichojificha ndani ya jiwe lilelile: radiamu, ambayo Marie na Pierre Curie waliitambua mjini Paris mwaka 1898, na ambayo waganga walikuwa wakiitumia kutibu kansa.

Ili kuelewa kwa nini radiamu inakaa pamoja na urani, ni lazima kuingia ndani ya atomu. Kila kitu, kiwe maji ya ziwa, chumvi au shaba, kimejengwa kwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini. Ndani ya kiini kuna chembe za aina mbili: protoni, zenye chaji chanya, na neutroni, zisizo na chaji. Kuzunguka kiini kuna elektroni, chembe nyepesi sana zenye chaji hasi. Hesabu ya protoni ndiyo inayotoa jina la kitu. Atomu yenye protoni 29 ni shaba, haiwezi kuwa kingine. Yenye protoni 88 ni radiamu. Yenye protoni 92 ni urani.

Kiini cha urani ni kikubwa sana, na hakitulii. Polepole, kinatupa vipande vidogo, na kila mara kinapopoteza protoni kinageuka kuwa kitu kingine. Katika safari hiyo ndefu urani inapitia radiamu, na mwisho wake inakuwa risasi, metali ya kawaida inayotulia. Safari hiyo si ya haraka: urani nyingi inahitaji miaka bilioni 4,5 ili nusu yake igeuke. Ndiyo maana katika kila jiwe la urani kuna radiamu, lakini kidogo mno. Tani tatu za urani zina karibu gramu moja tu ya radiamu.

Union Minière ilijenga kiwanda huko Olen, Ubelgiji, na radiamu ya kwanza ya Katanga ilitoka hapo mwaka 1922. Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa tajiri kiasi kwamba bei ya dunia, iliyokuwa imepita dola 100 000 kwa gramu moja, ilianguka, na migodi ya Marekani ikashindwa kushindana. Sengier, aliyekuwa amepanda cheo mpaka kuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni, aliijua biashara hiyo vizuri. Mabaki ya urani yalirundikwa tu. Mwaka 1937 mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa, maji yakajaa ndani yake.

Atomu iliyopasuka Berlin

Mwishoni mwa mwaka 1938, huko Berlin, wanakemia Otto Hahn na Fritz Strassmann walipiga urani kwa neutroni, kisha wakakuta katika mabaki yake kitu chepesi zaidi, ambacho hakikupaswa kuwepo. Lise Meitner, mwanafizikia aliyekuwa amekimbia utawala wa Hitler, pamoja na mpwa wake Otto Frisch, walieleza sababu: kiini cha urani kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Kinapopasuka kinatoa nguvu kubwa, na kinatupa neutroni mbili au tatu. Neutroni hizo zinaweza kupiga viini vingine, navyo vikapasuka, navyo vikatoa neutroni nyingine. Moto unaojiwasha wenyewe.

Lakini si kila atomu ya urani inapasuka kwa urahisi hivyo, na hapa ndipo siri ya isotopu inapoingia. Atomu mbili zinaweza kuwa na protoni sawa, kwa hiyo jina moja, lakini zikatofautiana kwa neutroni. Urani iliyo nyingi ina neutroni 146. Ukiongeza protoni 92 unapata 238, na ndilo jina lake: urani 238. Nyingine ina neutroni 143 tu: urani 235. Ni hii ya pili inayopasuka kwa urahisi na kuendeleza moto. Na ni haba: katika atomu 1000 za urani inayotoka ardhini, 7 tu ndizo za namna hiyo.

Kuzitenganisha ni kazi kubwa kuliko kuzichimba. Mvuvi wa Mpala anaweza kuelewa. Mtu akimpa kikapu cha ndagala zilizo sawa kwa umbo, kwa rangi na kwa ladha, na kumwambia atoe 7 katika kila 1000 kwa sababu ni nyepesi kidogo tu kuliko wenzao, jicho halitamsaidia, wala kupika hakutamsaidia. Kinachobaki ni mzani. Ndivyo ilivyo kwa isotopu. Dawa za kemia zinashughulika na elektroni, na elektroni za urani 235 na urani 238 ni sawa, 92 kwa 92. Tofauti pekee ya kushika ni uzito.

Mkutano wa London

Mwezi wa Mei 1939, Sengier akiwa London, alikutana na Henry Tizard, mwanasayansi aliyekuwa akiishauri serikali ya Uingereza. Tizard alimwomba ahadi kwamba Waingereza watapata nafasi ya kwanza juu ya urani ya Katanga. Sengier hakukubali. Lakini kabla ya kuachana, Tizard alimwonya kwamba mkononi mwake kulikuwa na kitu ambacho, kikiangukia kwa adui, kingeweza kuleta balaa kwa inchi zao zote mbili. Siku chache baadaye, wanasayansi wa Ufaransa wakiongozwa na Frédéric Joliot-Curie walimfuata wakitafuta urani hiyohiyo kwa majaribio yao.

Sengier hakuwa mwanafizikia. Alikuwa mtu wa migodi na biashara. Lakini watu wa inchi mbili walikuwa wamemfuata katika mwezi mmoja juu ya bidhaa ambayo kampuni yake ilikuwa ikiirundika kama mabaki. Aliweza kuhesabu.

Vita ilipoanza, alihamia New York mwaka 1939 ili kampuni iweze kuongozwa kutoka huko ikiwa Ubelgiji itavamiwa. Mwezi wa Mei 1940 Ujerumani iliivamia kweli, na Wajerumani wakapata zaidi ya tani 1000 za bidhaa za urani zilizokuwa Ubelgiji. Hofu ya London ilikuwa imeanza kutimia.

Kulikuwa bado na akiba nyingine Katanga, jiwe lililokwisha kuchimbwa na kulala juu ya ardhi. Sengier hakungoja amri ya serikali yoyote. Kutoka New York aliagiza jiwe hilo lisafirishwe kwa siri. Tani karibu 1200 zilipakiwa kwenye treni mpaka bandari ya Lobito, Angola, kisha zikapanda meli. Mwishoni mwa mwaka 1940 zilifika New York, na mapipa ya chuma yakawekwa katika ghala moja kwenye kisiwa cha Staten Island. Yalikaa pale karibu miaka miwili.

Ajabu ni kwamba Wamarekani wenyewe hawakuwa na habari ya maana ya mzigo ule. Katika mwaka 1942 Sengier aliwakumbusha maofisa wa Washington zaidi ya mara moja kwamba ana madini ya thamani kubwa. Hakupata jibu la maana. Siri ya bomu ilikuwa imefungwa sana hata wale aliozungumza nao hawakuijua.

Karatasi ya njano

Tarehe 18 Septemba 1942, koloneli Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani aliingia katika ofisi ya Sengier mjini New York. Mradi wa kutengeneza bomu la atomu, unaojulikana kama Mradi wa Manhattan, ulikuwa umepata mkuu mpya, Leslie Groves, siku iliyotangulia, na ulihitaji urani haraka. Sengier alitaka kwanza kujua kama mgeni wake ana mamlaka ya kununua na kama madini yatatumika kwa vita. Alipohakikishiwa, mazungumzo yalikwisha kwa muda wa saa moja hivi. Mapatano yaliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya njano: mzigo wote wa Staten Island utakuwa wa Wamarekani, na jiwe lililobaki Katanga pia litapelekwa.

Nichols hakutegemea kukuta jiwe la namna ile. Baada ya vita, wataalamu wa Marekani walihesabu kuwa ni bahati kupata ardhi yenye urani ya sehemu 0,3 katika 100. Jiwe la Shinkolobwe katika mapipa yale lilikuwa na oksidi ya urani karibu 65 katika 100. Hata mabaki yaliyokuwa yametupwa Katanga yalikuwa tajiri kuliko migodi mingi ya dunia.

Mgodi ulifunguliwa tena. Wahandisi wa jeshi la Marekani walisaidia kutoa maji yaliyojaa ndani. Njia ya Lobito ilipoonekana kuwa na majasusi, mizigo ilipelekwa kwa reli mpaka Port-Francqui, leo Ilebo, kisha kwa meli za mtoni mpaka Léopoldville, na kwa reli tena mpaka Matadi. Jina la Shinkolobwe likaondolewa kwenye ramani. Mwezi wa Septemba 1944, Marekani, Uingereza na Ubelgiji zilitia sahihi mapatano juu ya urani ya Kongo. Hakuna Mkongomani aliyeulizwa.

Waliochimba

Wafanyakazi wa Shinkolobwe walichimba na kuchambua mawe kwa mikono, katika vumbi lenye miali isiyoonekana. Radiamu, ikiendelea kugeuka, inatoa gesi ya radoni, na mtu anayeivuta kwa miaka mingi anahatarisha mapafu yake. Miali yenyewe ni vipande vinavyotupwa na viini visivyotulia, na vikipita mwilini vinavunja chembe hai. Wachimbaji hawakuambiwa jiwe lilikuwa linaenda wapi, wala la kufanyia nini.

Hali yao ya maisha ilijionyesha mahali pengine. Mwezi wa Desemba 1941, bei za vitu zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma Jadotville na Élisabethville wakidai mishahara. Tarehe 9 Desemba, kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, askari waliwafyatulia risasi. Watu makumi waliuawa, kati yao Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiongea kwa niaba ya wenzake. Sengier alikuwa New York wakati huo, lakini kampuni ilikuwa ileile, na yeye alikuwa kiongozi wake.

Hiroshima

Kwa jumla, karibu theluthi mbili ya urani ya Mradi wa Manhattan ilitoka Kongo. Huko Oak Ridge, jimbo la Tennessee, viwanda vikubwa vilifanya kazi usiku na mchana kutenganisha urani 235 na urani 238 kwa njia ya uzito. Mahali pengine, Hanford, urani 238 ilipewa neutroni ndani ya tanuri za atomu ili igeuke kuwa plutoni, yenye protoni 94, ambayo nayo inapasuka kwa urahisi.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, Japani. Lilibeba urani ya kilo 64, na chini ya kilo moja ndiyo iliyopasuka kweli. Ilitosha kuangamiza mji. Tarehe 9 Agosti bomu la plutoni lilianguka Nagasaki. Mpaka mwisho wa mwaka ule, waliokufa Hiroshima peke yake wanakadiriwa kufika 140 000, wengi wao raia, wanawake na watoto.

Ujerumani, ambayo hofu yake ndiyo iliyoanzisha mbio zote, ilikuwa imekwisha kushindwa tangu Mei, bila kutengeneza bomu. Ndiyo sababu kazi ya Sengier inatazamwa kwa pande mbili mpaka leo. Kwa upande mmoja, alinyima jeshi la Hitler jiwe tajiri kuliko yote, wakati serikali kubwa zilikuwa bado zinasitasita. Kwa upande mwingine, jiwe hilohilo lilienda kuua watu wa mji ambao haukuhusika na hofu ile ya mwaka 1939. Mtu aliyepeleka mapipa Lobito hakuchagua mahali bomu litakapoanguka. Lakini bila mapipa yale, mradi ungechelewa.

Medali na jiwe lenye jina lake

Mwaka 1946 serikali ya Marekani ilimpa Sengier Medali ya Sifa, mtu wa kwanza asiye Mmarekani kuipata akiwa raia. Sherehe ilifanyika bila makelele, kwa sababu habari za urani zilikuwa bado siri. Mwaka 1949 aliacha uongozi wa kila siku wa Union Minière, akabaki katika baraza la kampuni mpaka mwaka 1960. Mwaka 1949 pia, madini mapya ya rangi ya kijani, yaliyopatikana katika mgodi wa Luiswishi karibu na Lubumbashi na yenye shaba na urani pamoja, yalipewa jina la sengieriti kwa heshima yake. Alikufa huko Cannes, Ufaransa, tarehe 26 Julai 1963, akiwa na miaka 83.

Kongo nayo ilipata kitu kidogo kutokana na atomu. Mwezi wa Juni 1959, chini ya Monsinyori Luc Gillon, mkuu wa Chuo Kikuu cha Lovanium, tanuri ndogo ya atomu iitwayo Trico iliwashwa mjini Léopoldville. Ilikuwa ya kwanza katika Afrika. Kazi yake haikuwa bomu, ilikuwa masomo na kutengeneza isotopu za kutumia katika uganga na kilimo.

Shinkolobwe yenyewe ilifungwa wakati wa uhuru, na mashimo yakazibwa kwa zege. Lakini wachimbaji wa kienyeji walirudi miaka ya baadaye, safari hii wakitafuta kobalti, katika udongo uleule wenye urani. Mwezi wa Januari 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji hapo, na mwezi wa Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua watu wasiopungua wanane.

Urani iliyobaki chini haijachoka. Katika miaka zaidi ya 100 tangu Sharp aione, kiasi kilichogeuka kuwa risasi ni kidogo hata mizani ya kawaida haiwezi kukionyesha. Mwanafunzi wa Mpala anayejifunza leo hesabu ya 92 na 143 ubaoni anajifunza habari ya jiwe la inchi yake. Sengier alipata medali kwa kulipeleka mbali. Waliolichimba walibaki na vumbi.